Kuchagua na Kuzuia Vitabu katika Maktaba za Skuli za Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo walimu waliokabidhiwa maktaba, wajumbe wa kamati za skuli na wazazi huyauliza kila linapozuka suala la kitabu gani kiwekwe rafuni na kipi kiondoshwe. Mwandishi wake alishika funguo za maktaba ya skuli moja ya sekondari Pemba kwa miaka kadhaa, na baadhi ya majibu yanatokana na makosa aliyoyafanya mwenyewe. Yaliyomo si ushauri wa kisheria, wala hayachukui nafasi ya miongozo ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Kila maktaba huacha nje vitabu vingi kuliko inavyoviingiza. Kwa nini basi kukataa kitabu kimoja kuitwe udhibiti?

Kwa sababu kinachopimwa ni njia iliyofuatwa, wala si matokeo peke yake. Chumba chenye makabati manne hakiwezi kubeba kila kilichochapishwa, na mwalimu anayeacha kitabu kwa sababu hakilingani na umri wa wanafunzi wake, au kwa sababu tayari ana vitatu vya namna hiyo, amechagua, hakuzuia. Mwaka 1953 mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, Lester Asheim, aliandika makala ambayo mpaka leo wakutubi huirejea, na hoja yake kubwa ni kwamba anayechagua hutafuta sababu ya kukiweka kitabu, ilhali anayezuia hutafuta sababu ya kukikataa. Wa kwanza hukisoma chote na kukipima kwa ujumla wake. Wa pili hufungua ukurasa mmoja, akaona neno moja au picha moja, akamaliza hukumu hapo hapo.

Kipimo ninachowapa walimu wenzangu ni chepesi zaidi. Chukua karatasi, andika kwa sentensi mbili kwa nini kitabu hiki hakitaingia, kisha uweke saini na tarehe. Sababu ikiandikika na ukawa tayari kuisoma mbele ya kamati ya skuli, na ukawa tayari kuitumia sababu hiyo hiyo kwa kitabu chengine unachokipenda, basi umechagua. Ukiona kalamu inakuwa nzito, ujue lililokusukuma ni hofu, chuki au muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu, na hapo ndipo udhibiti unapoanzia.

Nani hasa mwenye mamlaka juu ya vitabu vya skuli Zanzibar?

Mamlaka yamegawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaowachanganya wengi. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari si jambo la Muungano. Husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kupitia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Mitaala na vitabu vya kiada vinavyoendana nayo ni kazi ya Taasisi ya Elimu Zanzibar. Usanifu wa lugha ni eneo la Baraza la Kiswahili la Zanzibar, yaani BAKIZA. Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar ndilo lenye wataalamu wa ukutubi, na mwalimu asiyejua namna ya kupanga rafu zake au kusajili vitabu vyake hana sababu ya kuona haya kwenda kuwauliza. Ndani ya skuli, mwalimu mkuu hubeba dhamana, mwalimu wa maktaba hufanya kazi ya kila siku, na kamati ya skuli huleta sauti ya wazazi.

Kitabu cha kiada hufika kikiwa kimeshapita mikononi mwa wengi. Kitabu cha ziada, yaani hadithi, tenzi, kitabu cha wanyama, wasifu wa mtu maarufu, mara nyingi hufika bila ya kupita popote, na hapo uamuzi humwangukia mwalimu mmoja ambaye pengine alipewa maktaba kwa sababu tu ratiba yake ilikuwa na vipindi vichache.

Desturi ya kitabu cha skuli kuhitaji idhini si ya jana. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na kuzihusisha Zanzibar, Tanganyika, Kenya na Uganda, ilikuwa na kazi ya kuvipitia vitabu vya Kiswahili vya skuli ili lugha yake iendane na usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja. Kwa hiyo lahaja ya mjini Unguja ilipewa heshima ya kuwa kipimo, na lahaja nyengine, Kipemba na Kimakunduchi zikiwemo, zikabaki nje ya kitabu cha skuli. Hakuna aliyeliita jambo hilo kuzuia, na nia ya Kamati ilikuwa ni kusanifu lugha. Hata hivyo mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni alijifunza mapema kwamba maneno ya bibi yake hayaandikwi.

Sheria zinasema nini?

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni, pamoja na haki ya kutafuta na kupokea habari na fikra. Kifungu cha 24 kinaeleza mipaka ambayo haki inaweza kuwekewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unayashika yote mawili kwa pamoja katika ibara ya 17: unazitaka nchi zihimize uchapishaji na usambazaji wa vitabu vya watoto, na hapo hapo unazitaka ziweke miongozo ya kumlinda mtoto na maudhui yanayomdhuru. Anayenukuu nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, au kinyume chake, hajautendea haki mkataba huo.

Ipo pia Sheria Namba 5 ya mwaka 1988 inayohusu usajili wa wakala wa habari, magazeti na vitabu. Hiyo inawaelekea zaidi wanaochapisha na kusambaza, na haimgeuzi mwalimu wa maktaba kuwa askari wa kusaka maandishi.

Kwa upande wa taaluma yenyewe, Ilani ya Maktaba za Skuli ya UNESCO na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba, iliyotoka mwaka 1999, inasema kwamba huduma na makusanyo ya maktaba ya skuli hayapaswi kuwekewa udhibiti wa kiitikadi, kisiasa au kidini, wala kusukumwa na biashara. Ilani si sheria, na nadhani ni uungwana kukiri kwamba sentensi hiyo ni nyepesi kuisoma Paris kuliko kuitekeleza Wete. Faida yake ni kwamba inampa mwalimu lugha ya kujieleza.

Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku vitabu kadhaa maskulini. Je, amri hiyo inatuhusu?

Mwezi wa Februari 2023, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike katika shule, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwa miongoni mwavyo, kwa hoja kwamba maudhui yake yanakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya watoto. Wizara hiyo ndiyo inayosimamia elimu ya msingi na sekondari ya Tanzania Bara. Kwa muundo wa Muungano, skuli ya Zanzibar hupokea maelekezo yake kutoka Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na mwalimu anayetaka kujua msimamo kuhusu kitabu fulani aandike barua kupitia kwa Afisa Elimu wa Wilaya badala ya kuamua kwa kusoma ujumbe uliorushwa katika kundi la simu.

Nasisitiza hilo la simu. Orodha zinazosambazwa huko huongezwa majina kila zinapopita mkono mpya. Tangazo la serikali linalohusu kitabu chako lichapishe, lihifadhi katika jalada la maktaba, na uandike tarehe kitabu kilipotolewa na mahali kilipowekwa. Amri halali hutekelezwa, na namna ya kuitekeleza vizuri ni kuacha kumbukumbu ili atakayekuja baada yako ajue kwa nini rafu ina pengo.

Riwaya iliyowekwa kwa ajili ya mtihani ina sehemu ambazo wazazi hawazipendi. Maktaba ifanye nini?

Baraza la Mitihani la Taifa ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na wanafunzi wetu wa kidato cha nne na cha sita hufanya mitihani yake. Kitabu teule kikikosekana maktaba, anayeumia ni mtoto asiye na fedha ya kukinunua. Mwenye uwezo atakipata dukani Darajani na hadithi itakwisha. Kwa hiyo kitabu teule kiwepo, kwa nakala nyingi kadiri inavyowezekana, na mjadala wa kama kinafaa upelekwe kwa wenye kukiteua.

Wanaodhani hukumu ya leo ni ya milele wakumbuke mfano wa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971. Ilizuiwa isisomwe maskulini kwa kipindi, kwa sababu ya namna ilivyoyaeleza mapenzi na maisha ya msichana aliyelelewa kwa ukali, kisha ikaja kukubalika na kusomeshwa. Kitabu hakikubadilika hata neno.

Mzazi amekuja amekasirika, kitabu kiko mkononi, anataka kiondolewe leo leo. Nimjibu nini?

Kwanza, mkaribishe akae. Mzazi aliyeacha shamba au duka lake kuja skuli kwa sababu ya kitabu ni mzazi anayefuatilia masomo ya mwanawe, na hao si wengi kiasi cha kumvunja moyo mmoja wao. Msikilize mpaka amalize. Usimwahidi kwamba kitabu kitaondolewa, na usimwambie kwamba hakiondoki.

Kisha mpe karatasi. Aandike jina la kitabu, kama amekisoma chote au sehemu, kurasa zinazomsumbua, anachohofia kitampata mtoto, na anachotaka kifanywe. Asiyeweza kuandika, mwandikie wewe na umsomee. Mara nyingi ukifika kwenye swali la mwisho utagundua kwamba anachotaka ni mwanawe tu asikiazime kitabu hicho, na hilo ni haki yake. Andika katika kadi ya mtoto, mambo yamekwisha. Haki hiyo haiendi mbali zaidi ya mtoto wake. Hawezi kuwaamulia watoto wa jirani, kama ambavyo jirani hawezi kumwamulia yeye.

Akitaka kiondolewe kwa wote, mwalimu mkuu awateue watu watatu: mwalimu wa maktaba, mwalimu wa somo linalohusika, na mjumbe mmoja wa kamati ya skuli. Watatu hao wakisome kitabu chote, kuanzia jalada hadi jalada, na watoe jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa; wiki tatu zinatosha. Wakati huo kitabu kinabaki rafuni. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na sababu yake kila Mzanzibari anaijua kwa jina.

Muhali. Mzee anayeheshimika mtaani, pengine ndiye aliyekusomesha chuoni, yaani chuo cha Kurani, anakuja na kitabu kwapani, anazungumza kwa upole, anakuita mwanangu, na wewe huna uso wa kumwambia kwamba upo utaratibu. Hapo kitabu kinaingia kwenye mtoto wa meza na hakitoki tena. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna kikao kilichokaa, na ukiulizwa utasema kitabu kimeazimwa. Niliwahi kufanya hivyo. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyekataa kuozwa akiwa mdogo, na niliitia kwenye mtoto wa meza nikijiambia kwamba ni kwa wiki moja mpaka mambo yatulie. Nilipohamishwa skuli, kitabu kilikuwa bado kimo humo. Mwenzangu aliyenipokea alinipigia simu kuuliza ni cha nini, kwani mchwa walikuwa wameshakila pembe moja, na nilipokutana na mzee mwenyewe msikitini na kumgusia habari hiyo, alikuwa ameshasahau kwamba aliwahi kulalamika.

Ndiyo maana karatasi ni bora kuliko ushujaa. Mwalimu mwenye utaratibu ulioandikwa na kubandikwa ukutani hahitaji kumkatalia mzee wake, anamwonesha ukuta. Heshima inabaki, na kitabu kinapata kusikilizwa. Kamati ya skuli iupitishe utaratibu huo mapema, kabla ya ugomvi wowote, kwa sababu utaratibu unaotungwa siku ya ugomvi huonekana umetungwa kwa ajili ya mtu.

Vipi kuhusu vitabu vinavyoeleza balehe na mabadiliko ya mwili?

Hapa ndipo mjadala unapopamba moto, na hapa pia ndipo hoja ya desturi inapotumiwa vibaya kuliko mahali pengine. Mtoto wa Kizanzibari aliyepita chuoni amesomeshwa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini ya Kiislamu. Amesikia habari ya hedhi, nifasi na janaba, na namna ya kujitwaharisha, kwa maneno yaliyo wazi kuliko yale ya kitabu cha sayansi, na amesomeshwa hayo na ustadhi wake bila ya mtu kuona kwamba heshima imevunjwa. Kwa hiyo kusema kwamba utamaduni wetu hauzungumzi mambo ya mwili na watoto si kweli. Utamaduni wetu unayazungumza kwa adabu, kwa wakati wake na kwa mnasaba wake, na hicho ndicho kipimo cha haki cha kukipimia kitabu.

Kitabu cha balehe kiangaliwe kama maelezo yake ya kitabibu ni sahihi, kama lugha yake ina staha, kama picha zake zinafundisha au zinachezea macho, na kama umri uliokusudiwa na mwandishi unaendana na wasomaji wako. Kukiweka kwenye rafu ya wakubwa katika skuli yenye madarasa ya msingi na ya sekondari ndani ya ua mmoja ni kupanga, maadamu wakubwa hao wanakifikia bila ya kuomba ruhusa. Kukifungia ofisini kwa mwalimu wa kiume na kuwataka wasichana waende kukiomba ni kuzuia, hata kama kadi yake imo katika orodha. Mwalimu mmoja wa kike niliyefanya naye kazi alikuwa akiviacha vitabu hivyo juu ya meza ya kona, karibu na dirisha, visomwe hapo hapo bila ya kuandikisha jina. Vilichakaa upesi kuliko kitabu chochote katika chumba kile.

Je, inafaa kufunika picha kwa wino mzito au kubandika karatasi juu yake?

Haifai. Picha iliyopakwa wino huwa ndiyo ukurasa wa kwanza kutafutwa na kila mwanafunzi, na wapo watakaoishika dhidi ya jua la dirishani ili waone kilichofichwa. Zaidi ya hayo, umekiharibu kitabu ambacho ni mali ya skuli, na umemfundisha msomaji kwamba kitabu kibovu hurekebishwa kwa kupaka rangi. Kama picha moja inakifanya kitabu kizima kisifae kwa umri huo, kiazimishe kwa wakubwa au kipeleke kwa walimu kama cha rejea, na uandike hivyo. Kama haikifanyi kisifae, kiache kilivyo. Kitabu cha ufugaji cha Ulaya kina nguruwe, haidhuru.

Tumepokea maboksi ya vitabu vya msaada. Je, tunalazimika kuvipokea vyote?

Hamlazimiki. Lakini kwetu anayekataa kitu cha kupewa huonekana ana kiburi, na ndiyo maana makabati mengi yamejaa vitabu ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua: vitabu vya kodi za nchi nyengine, miongozo ya kompyuta za zamani, hadithi za watoto wanaocheza na theluji. Wapo watoaji wenye utaratibu mzuri, mfano Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954 na ambalo limekuwa likifanya kazi na maktaba za Zanzibar. Watoaji wa namna hiyo wenyewe hutaka kujua mnachohitaji, basi waambieni.

Andikeni ukurasa mmoja wa masharti ya kupokea: lugha mnazozihitaji, madarasa mliyonayo, umri wa vitabu vya sayansi ambao hamtauvuka, na kwamba skuli ina hiari ya kuvigawa au kuvirudisha visivyofaa. Kuweni waangalifu zaidi na vitabu vinavyokuja vikiwa na ajenda, iwe ni ya kuuza bidhaa, ya kuitia watu katika dini au madhehebu fulani, au ya kukitangaza chama. Sharti liwe moja kwa wote. Skuli inayokataa vijitabu vya mahubiri ya dini moja na kupokea vya dini nyengine kwa mikono miwili imeshaondoka katika kuchagua.

Jambo moja zaidi, ambalo kwangu ni zito. Msaada ukijaza rafu, kamati husema maktaba imejaa, na fungu la kununua riwaya, tamthilia na diwani za Kiswahili huondolewa. Mtoto hupata hadithi za Chicago, akazikosa za Mkoani. Hakuna aliyezuia chochote, lakini kwa mtoto matokeo ni yale yale.

Vitabu vinavyozungumzia dini nyengine viwemo?

Viwemo, kama maarifa. Kifungu cha 19 cha Katiba ya Zanzibar kinalinda uhuru wa imani, na skuli za serikali zina watoto wa Kikristo, na zipo familia za Kihindu zilizoishi Mji Mkongwe vizazi na vizazi. Kitabu kinachoeleza watu wengine wanaamini nini hakimwiti mtoto kuamini. Kinachomwita, na kikafanya hivyo kwa kuitukana imani ya mwenzake, hakina nafasi, kiwe kimeandikwa na nani.

Na hadithi za majini, wachawi na mazimwi?

Anayetaka kuziondoa zote itambidi aanze na "Paukwa! Pakawa!" na amnyamazishe bibi yake. Hadithi hizi ni urithi wetu, na mtoto anajua tangu akiwa mdogo kwamba zimwi la hadithini huisha hadithi inapoisha. Kinachofaa kuangaliwa ni kitabu kinachojidai kufundisha uganga kama elimu ya kweli. Hicho si hadithi, na hakistahili rafu ya hadithi.

Tufanyeje na vitabu vya historia ya Mapinduzi na siasa za visiwani?

Somo la Historia lina muhtasari wake, na vitabu vya kiada viufuate. Rafu ya ziada ina wajibu tofauti kidogo. Januari 12, 1964 haikuwa siku moja kwa kila nyumba. Katika ukoo mmoja yupo aliyesherehekea na yupo aliyepanda jahazi usiku, na watoto wa wote wawili wanakaa dawati moja. Kitabu kimoja peke yake juu ya jambo zito kama hilo, kiwe cha upande wowote, kinamfundisha mwanafunzi kukariri. Viwili au vitatu vinavyotofautiana, vilivyoandikwa na watu wanaotaja ushahidi wao, vinamfundisha kupima. Mwalimu wa Historia ashirikishwe katika kuvichagua, na mwalimu mkuu aarifiwe kwa maandishi, ili lawama ikija isimkute mtu mmoja.

Vijarida vya kampeni visiingie, vya chama chochote. Na uamuzi wa kuingiza au kuondoa kitabu cha siasa usifanywe katika miezi ya joto la uchaguzi. Usubiri, kitabu hakina haraka.

Kuondoa vitabu vikongwe si udhibiti?

Si udhibiti kikiondolewa kwa uchakavu au kwa kupitwa na wakati, na ukaandika hivyo. Atlasi inayoonesha Umoja wa Kisovieti, uliovunjika mwaka 1991, au Sudan kabla ya kugawanyika mwaka 2011, inampoteza mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa Jiografia. Unyevu wa masika na mchwa nao huchukua fungu lao. Angalizo ni kwamba uchakavu usitumiwe kama kisingizio. Kitabu kinacholalamikiwa ambacho ghafla "kimechakaa" wiki ile ile kinastahili macho ya pili.

Wazazi wengine hutaja kesi za Marekani. Zina uzito gani kwetu?

Hazina nguvu ya kisheria hapa, ila zinafunza. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya bodi ya elimu ya Island Trees, jimbo la New York, dhidi ya wanafunzi wakiongozwa na kijana aitwaye Pico, baada ya bodi hiyo kuviondoa vitabu kadhaa katika maktaba za skuli. Majaji waligawanyika mno, lakini maoni yaliyoongoza yalisema kwamba bodi haiwezi kuondoa kitabu maktaba kwa sababu tu haipendi fikra zilizomo, ingawa inaweza kukiondoa kwa sababu hakifai kielimu. Mpaka huo, baina ya kutofaa na kutopendwa, unaweza kutumika hata Konde bila ya kuhitaji mahakama.

Skuli yetu haijawahi kuzuia kitabu chochote. Je, tuko salama?

Angalieni kwanza ufunguo wa maktaba uko wapi. Katika skuli nyingi nilizotembelea, vitabu vizuri kuliko vyote vimo katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, vikiwa bado na harufu ya kiwandani, kwa sababu vikitolewa "vitachanwa". Katika skuli zenye mikondo miwili, maktaba hufunguliwa asubuhi tu, na mtoto wa mkondo wa mchana humaliza miaka yake bila ya kuingia ndani. Wanafunzi wakishirikishwa, hata wawili tu kila darasa, katika kuchagua vitabu na kuvitunza, hofu ya kuchanwa hupungua sana.

Na vitabu vya kwenye kompyuta na vishikwambi?

Vigezo ni vile vile. Tofauti ni kwamba kuzuia huko hakuonekani. Programu ya kuchuja ikizuia neno "titi", imezuia pia makala ya saratani ya titi. Mwalimu wa kompyuta aijue orodha ya yanayozuiwa, na mwalimu wa maktaba apewe nakala.

Kitabu kimerudishwa kikiwa na ukurasa uliochanwa kwa makusudi. Nifanye nini?

Usianze na bakora. Uliza kwa utaratibu ni nani aliyekiazima mara ya mwisho, kwa sababu mara nyengine aliyechana ni kaka mkubwa au mzazi aliyeona kwamba anamlinda mtoto, na mtoto hathubutu kusema. Andika katika jalada la ndani ni ukurasa gani haupo na tarehe uliyogundua. Kisha tafuta nakala nyengine, katika skuli ya jirani, katika kituo cha walimu kama cha Michakaeni au katika maktaba ya Chake Chake, unakili ukurasa huo na uubandike mahali pake. Kirudishe rafuni siku hiyo hiyo. Mtoto aliyekirudisha akitaka kukiazima tena, mpe.